Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ukitokea Dar: vibanda, pumzi na ule usiku wa ziada pale Horombo

Kila ikikaribia Desemba 9, siku ya Uhuru, magrupu ya WhatsApp hapa Dar yanachangamka, mtu anaposti bango la twende Kilimanjaro, watu kumi na tano wanajibu "nimo", alafu wanaouliza maswali ya maana ni wawili watatu tu. Mimi nimepanda mara mbili, zote kwa njia ya Marangu. Mara ya kwanza niliishia Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, natapika nikarudishwa chini nimeshikwa mkono, mara ya pili nikafika Uhuru kileleni, na kilichotofautisha hizo safari mbili sio mazoezi wala ujasiri, ni usiku mmoja tu wa kulala. Kwahiyo naandika yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijapanda basi pale stendi ya Magufuli, na namuandikia mtu wa Dar haswa, mtu anaelala na feni usiku kucha na ambae mlima wake wa kila siku ni ngazi za daraja la waenda kwa miguu.

Kwanini Marangu. Njia ziko kadhaa, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe, ila huko kote unalala kwenye hema. Marangu ndio njia pekee yenye vibanda vya kulala, vingi ni vya mbao vyenye paa lililochongoka mpaka karibu na chini, kuna kitanda, godoro, mto, taa ya sola na ukumbi wa kulia chakula mezani. Kwa mtu ambae hajawahi kulala kwenye hema maishani mwake hii sio anasa, mvua ikinyesha usiku mzima na wewe uko pakavu kesho yake una nguvu. Vituo vya vibanda ni vitatu: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo mita 4,720. Hayo majina mawili ya kwanza ni ya mamangi wa Kichaga wa karne ya 19, Mangi Mandara wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni, ni vizuri ukayajua kabla hujalala kwenye vitanda vyenye majina yao.

Sasa hebu ziangalie hizo namba tena, 2,720, 3,720, 4,720. Kila siku unaruka mita elfu nzima. Madaktari wa mambo ya milimani wanashauri ukishavuka mita 3,000 sehemu unayolala usiipandishe zaidi ya mita 300 mpaka 500 kwa siku, yani Marangu inakupandisha mara mbili hadi tatu ya kinachotakiwa. Watu wa mlimani wanaiita hii njia ya Coca-Cola, kwa vile inaonekana nyepesi na soda zinauzwa vibandani, na hilo jina limeponza wengi. Njia yenyewe haina makorongo ya kukwea kwa mikono, kweli, ila mwili hauangalii njia imelainika kiasi gani, unaangalia umepandishwa haraka kiasi gani.

Ndio mana nasema chukua siku sita, sio tano. Safari ya siku tano inaenda Mandara, Horombo, Kibo, kileleni, na kushuka. Ya siku sita inaongeza usiku wa pili Horombo, mchana wa hiyo siku mnatembea mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi myeusi na myeupe yaliyo karibu mita 4,000, mnakaa kidogo alafu mnarudi kulala chini. Unapanda juu unalala chini, na hiyo siku ambayo inaonekana ya bure ndio mwili unaanza kuzoea. Wakala wangu wa kwanza aliniambia "wewe kijana una nguvu, siku tano zinakutosha, usipoteze hela", nikaona kanihurumia mfuko. Mtu yeyote akikuambia hivo mwambie hapana, na kama hela ya siku sita haijatimia subiri miezi mitatu mingine uichange. Mlima hauhami.

Pumzi yenyewe inakuaje huko juu

Hapa watu wengi wanachanganya. Hewa ya Kilimanjaro haina oksijeni kidogo kwa asilimia, ni ile ile 21 kama ya Kariakoo. Kinachopungua ni msukumo wa hewa, kule Uhuru kwenye mita 5,895 ni kama nusu ya huku pwani, kwahiyo kila ukivuta pumzi moja unapata nusu ya ulichozoea. Mwili unajibu kwa kupumua haraka, moyo unakimbia, unakojoa sana, usingizi unakua wa kushtukashtuka, na hayo yote ni kawaida usitishike. Ambayo sio kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuchoka kupita kiasi. Huo ni ugonjwa wa mlima wa mwanzo na unampata hata mwanariadha, nimeona kijana wa mazoezi ya gym ameloa jasho Horombo na mama wa makamo anapita zake taratibu anaimba.

Kuna kosa ambalo sisi watu wa Dar tunalifanya sana. Kichwa kikiuma akili inaenda kwenye malaria, mtu anameza panadol tatu na kama ana dawa ya mseto kwenye begi anaanza dozi hapo hapo. Pima malaria Dar siku mbili kabla hujaondoka, ili ukishafika juu usiwe na hilo swali kichwani. Na ukiumwa kichwa juu ya mita 3,000 muambie muongozaji wako saa hiyo hiyo, usijikaushe. Mimi nilificha toka Horombo, niliogopa kurudishwa, nikatembea na kichwa kinagonga mpaka Kibo, na kule ndio nikaangusha mzigo wote. Ningesema mapema pengine ningepumzishwa na safari ikaokolewa.

Kanuni ninazozishika mimi ni hizi, na nilifundishwa na waongozaji wa Marangu wenyewe. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, kunywa maji, kula, usipande zaidi mpaka kitulie. Kikizidi hata baada ya kupumzika na dawa ya maumivu, shuka. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anaongea vitu havieleweki, au hawezi kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, hiyo maji yameanza kujaa kwenye ubongo, anashushwa sasa hivi hata kama ni saa 8 usiku. Ukiona mtu amekaa tu hajatembea ila anahema, anakohoa, na makohozi yana povu au rangi ya waridi, hiyo ni maji kwenye mapafu, anashushwa sasa hivi vile vile. Hizo mbili zinaua, na dawa yake kubwa ni kushuka. Uzuri wa Marangu ni kwamba kutoka Kibo mpaka Horombo ni mita elfu chini kwenye njia pana, na askari wa hifadhi wana machela za tairi moja.

Kabla ya hayo yote nenda hospitali. Nasisitiza kwa sababu nchi yetu ina selimundu nyingi. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande, na hata mwenye kubeba kinasaba kimoja tu ambae huku chini haumwi kitu, kule juu bandama yake inaweza kupata shida kubwa, na wengi hawajijui kama wanabeba. Kipimo kipo, kifanye. Pima na wingi wa damu, mana mtu mwenye upungufu wa damu anaanza safari akiwa ameshapunjwa. Pumu, presha, moyo, ujauzito, mwambie daktari ukweli. Muulize pia kuhusu dawa ya asetazolamidi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inasaidia mwili kuzoea haraka, inakufanya ukojoe sana na vidole vinawashawasha, ila ipo kwenye familia ya salfa, na Wabongo wengi wana aleji ya salfa tangu enzi za septrini na SP. Usipewe na rafiki kwenye basi. Na vidonge vya usingizi pamoja na pombe achana navyo kabisa mpaka ushuke, vinapunguza kupumua ukiwa umelala, na kupumua ndio kitu pekee kinachokubeba.

Mazoezi ya mjini

Anza miezi mitatu kabla, na sio lazima uwe na hela ya gym. Unachohitaji ni uwezo wa kutembea masaa sita saba siku nne mfululizo, sio kukimbia haraka. Mimi nilikua natembea kutoka Tabata mpaka Posta Jumamosi alfajiri nikiwa na begi lenye chupa za maji lita sita, siku za kazi napanda ngazi za ofisini ghorofa nane mara nne badala ya lifti, na Jumapili jioni Coco Beach kwenye mchanga mlaini, mana ule mchanga unarudisha mguu nyuma kama changarawe ya Kibo inavyofanya. Daraja la Tanzanite asubuhi ni zuri kwa mwendo mrefu. Vilima vya Pugu na Kisarawe vinakupa mteremko, na mteremko ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, wanaoumia magoti siku ya mwisho ni wale waliojizoesha kupanda tu.

Ukiweza nenda Morogoro angalau mara mbili. Sasa hivi na treni ya SGR unaondoka asubuhi unafika chini ya masaa mawili, unapanda Uluguru, siku ya kwanza Morningside kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, siku nyingine Bondwa kwenye minara. Hakukuzoeshi hewa nyembamba, hakuna mahali karibu na Dar panapoweza, ila kunakuambia ukweli kuhusu viatu vyako.

Viatu sasa. Usinunue wiki ya safari. Nunua miezi miwili kabla, namba moja zaidi ili vidole visigonge mbele wakati wa kushuka, uvae navyo mtaani mpaka vikutii. Mitumba ya Karume pale Ilala inatoa mabuti mazuri ya mlimani ukiwahi siku mzigo unafunguliwa, ila kunja soli uone haijakauka, soli iliyokaa stoo miaka mingi inaachia ghafla, nilimuona dada mmoja soli zote mbili zimebanduka kabla ya Horombo akafungwa na kamba. Hapo hapo Karume unapata masweta, jaketi zito lile lililovimba, suruali za kuteleza kwenye theluji na glavu. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, pamba ikilowa jasho haikauki na baridi inakuingia hapo hapo. Ubebe nguo nyembamba nyembamba nyingi za kuvaa juu ya nyingine, boshori la kuziba masikio, glavu pea mbili, soksi nzito pea nne, koti la mvua na suruali yake, miwani ya jua, tochi ya kichwani na betri mpya. Begi la kulalia, fimbo za kutembelea na jaketi la kileleni kodisha Moshi au Marangu, ni nafuu kuliko kununua, ila lijaribu zipu kabla hujalipa. Usiku wa kileleni joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo juu yake, kwa mtu wa Dar hicho kitu huwezi kukifikiria ukiwa umekaa barazani, kwahiyo ukimuona muongozaji anakagua begi lako kitu kwa kitu muache akague.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kupanda nazo, beba chupa ngumu mbili za lita moja moja au zaidi. Beba pedi hata kama siku zako bado, mwinuko unaweza kuvuruga mzunguko. Beba mafuta ya mgando ya midomo na losheni ya kuzuia jua, na sisi weusi tunaungua vizuri tu kule, ngozi ya pua yangu ilibanduka wiki nzima.

Kampuni, wagumu na hela

Huwezi kupanda peke yako, sheria ya hifadhi inataka muongozaji mwenye leseni, na vibanda vinabukiwa kupitia kampuni. Raia wa Tanzania analipa viingilio kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, kwahiyo beba kitambulisho cha NIDA, bila hicho utabishana getini. Bei za mwaka husika ziangalie kwenye tovuti ya TANAPA mwenyewe alafu muombe wakala akuchanganulie: viingilio vya siku ngapi, kulala usiku mingapi, ada ya uokoaji, chakula, usafiri, mishahara. Anaekataa kuchanganua muache.

Uliza haswa mishahara ya wapagazi. Wenyewe wanajiita wagumu, na ni wagumu kweli, mtu anabeba mzigo kichwani anakupita njiani alafu ukifika unakuta chai iko mezani. Mzigo wa mpagazi mwisho kilo 20 na mizani ipo getini, kaa hapo uangalie mizigo yenu inapimwa. Bei ikiwa chini kupita kiasi ujue kuna mtu analipia tofauti, na mara nyingi ni yeye, kwa kulala na njaa au kwa kubeba jaketi jepesi. Tipu kubalianeni kwenye grupu kabla ya safari, muiweke pembeni, na siku ya mwisho mumpe kila mtu mkononi mwake hadharani.

Siku zenyewe

Ukitokea Dar basi la asubuhi linakufikisha Himo jioni, hapo unapanda gari la Marangu, usiende mpaka Moshi mjini kama huna cha kufanya huko. Lala Marangu usiku mmoja au miwili. Kula mtori, ndizi, nyama, pumzika, mbege utaikuta ukishuka.

Siku ya kwanza ni kutoka getini mpaka Mandara, kama kilomita 8 ndani ya msitu mzito wenye mbega na kima na miti imefunikwa na ndevu za kuvu. Pale getini kuna kumbukumbu za waliofika kwanza, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 1889, na anaetajwa kuwaongoza ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu hapo hapo. Siku hii utajiona una nguvu na utatamani kuwapita watu. Usithubutu. Pole pole inayosemwa kule sio salamu ya watalii, ni mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, ukishindwa kuongea umeshazidisha. Mchana ukifika Mandara usilale, nenda mpaka kasoko ya Maundi ni karibu sana, alafu urudi.

Siku ya pili kilomita kama 12 mpaka Horombo, msitu unaisha unaingia kwenye vichaka. Njiani kuna eneo la Whona ambapo moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia, vijiti vyeusi vilivyoungua nilivikuta bado vimesimama na majani mapya yanachipua chini yake. Mawingu yanabaki nyuma yako. Horombo ni kama kijiji, waliopanda na wanaoshuka wote wanakutana pale, na utawasikia wanaoshuka wanasimulia, wengine watakutisha, wewe kula. Kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wanaiba chakula mkononi na panya wadogo wanaingia kwenye begi lenye karanga, funga zipu.

Usiku mbili za Horombo ndio kiini cha maandishi yangu yote haya. Siku ya tatu asubuhi mnaenda Zebra Rocks taratibu, mnaiona Mawenzi, kile kilele kingine cha Kilimanjaro, imekaa mbele yenu na meno yake, mnarudi kula mchana na kulala. Utaboreka. Ni sawa. Mara ya pili nilipoamka asubuhi ya siku ya nne kichwa kilikua cheupe, hamu ya kula ipo, nikajua kabla hata ya kuvaa viatu kwamba safari hii ni nyingine.

Kwa Waislamu, kibla kule ni kaskazini ikielekea kidogo mashariki, na maji ya udhu asubuhi yanachoma kama moto, omba maji ya vuguvugu jikoni usiku. Mwezi wa Ramadhani usipange safari hii, mwili unadai maji lita tatu nne kwa siku.

Siku ya nne, Horombo mpaka Kibo kama kilomita 10. Mnapita sehemu ya mwisho ya maji, baada ya hapo hakuna kijito wala majani, ni jangwa la mawe kati ya Mawenzi na kilele cha Kibo, upepo unavuma na njia unaiona mpaka mwisho wake lakini haifiki. Maji yote ya Kibo yanabebwa na wagumu kutoka chini kwahiyo usiyaoshee uso. Kibanda cha Kibo ni cha mawe, mnalala chumba kimoja wengi, choo ni cha shimo nje. Kitanda cha chini ukikipata kichukue. Kula hata kama hutaki, uji, supu, mkate, alafu panga nguo zote za usiku kwa mpangilio wa kuvaa, simu na pawabenki ingiza ndani ya begi la kulalia, baridi inaua chaji. TTCL walifikisha intaneti Horombo mwaka 2022, ila usiku huu simu izime, piga ukishuka.

Usiku wa kileleni

Mnaamshwa saa 5 usiku, chai na biskuti, mnaondoka kama saa 6. Hapa hakuna cha kufikiria zaidi ya kisigino cha aliye mbele yako. Njia ni changarawe ya kukata kona kona, hatua mbili mbele nusu nyuma. Kuna mapumziko kwenye pango la Hans Meyer lililo kama mita 5,150, usikae chini zaidi ya dakika chache, jasho linageuka barafu. Chupa ya maji igeuze mdomo uangalie chini kwenye begi, barafu inaanza kuganda juu kwahiyo mdomo unabaki wazi. Nilibeba tende na kashata kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili ili zisiwe mawe, nilikua nameza kipande kila tulipokata kona kadhaa, na naamini zilinisaidia kuliko chokoleti za wenzangu zilizovunja meno.

Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri ndio pagumu zaidi, giza halijaisha na mwili umeisha. Machozi yanakuja yenyewe. Mwenzangu alikua anahesabu hatua arobaini anasimama anahesabu tena, mimi nilikua nataja majina ya vituo vya mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, kila kituo hatua kumi. Tafuta chako. Ila tofautisha uchovu na ugonjwa, mchoka anasimama akipumzika dakika mbili anaendelea, mgonjwa akipumzika anazidi, na uamuzi wa mwisho ni wa muongozaji hata kama umelipa wewe.

Mwanga unakukuta maeneo ya Gilman's Point, mita 5,685, hapo umeshafika ukingo wa kasoko na unapewa cheti chake. Kutoka hapo kupitia Stella Point mpaka Uhuru ni kama saa moja na nusu au mbili kwa mwendo wa pale, mteremko sio mkali ila kila hatua ina bei. Upande wako mabonge ya barafu yanang'aa, vaa miwani. Na pale kwenye ubao, mita 5,895, ambapo usiku wa Desemba 9 mwaka 1961 Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge, mimi nilishindwa kuongea, nilishika mbao nikalia tu. Piga picha, kaa dakika kumi na tano hivi, ushuke. Usikae kusubiri kundi lote.

Kushuka ndio watu wanaumia, wamechoka na akili iko nyumbani. Kunja magoti kidogo, kanyaga kwa kisigino kwenye changarawe, fimbo mbele. Kibo mnapumzika saa moja, mnakula, alafu mnaendelea mpaka Horombo siku hiyo hiyo, jumla masaa 12 mpaka 15 ya kutembea. Siku ya sita ni kilomita kama 20 mpaka getini, kucha ziwe zimekatwa fupi tangu Dar.

Usibuki basi la usiku huo huo. Lala Moshi, rudisha vifaa ulivyokodi, oga maji ya moto mpaka yaishe, ukakae kwenye basi la asubuhi upande wa kushoto dirishani, mana kuanzia Moshi mpaka Himo kama mawingu hayajashuka unaiona Kibo yote, na utaweza kumuonyesha jirani yako wa siti ni wapi haswa ulikua juzi saa 12 asubuhi.